Ziara ya mnyongaji wa Nürnberg: nyota nne, ya tano nimeibania

Hii rivyu nilisema nitaiandika tangu siku tumerudi, sasa ni wiki ya tatu, kila siku zamu inanimaliza nasema kesho. Leo nipo ofu, nguo ziko mashineni, ngoja niimalize.

Kuna kampuni inatembeza watu kwa miguu ndani ya mji wa zamani wa Nürnberg, Ujerumani, na mada yenyewe ni maisha ya mnyongaji wa mji, yaani yule jamaa aliyeajiriwa na halmashauri kunyonga, kukata vichwa, kuchapa viboko na kutesa watu mpaka waseme. Jina la kampuni siliweki, nina malalamiko yangu na sitaki kutumiwa imeili za kunitisha. Tangazo lao ni mtu kavaa kofia nyeusi ya gunia yenye matundu mawili ya macho, kashika shoka. Hiyo kofia na hilo shoka tutavirudia.

Bei euro 17 kwa kichwa (nimeandika hivyo nikacheka peke yangu), saa mbili, kwa Kiingereza, kundi letu lilikuwa la watu kama ishirini. Nilienda na mama mdogo, alikuwa amekuja kunitembelea. Mpango ulikuwa nimpandishe ngomeni kule juu apige picha zake, ila mvua ikawa inatishia, tiketi za hii ziara zilibaki mbili tu, nikabofya. Sikumwambia vizuri ni ziara ya nini, nilisema "historia ya mji". Tulivyofika pale pa kukutania akaona ile kofia akanivuta mkono: "Mwanangu, umetoa pesa nije nione mchinja watu?" Nikamwambia mama vumilia, ikikuudhi tunaondoka. Hatukuondoka. Yeye ndo aliyekuwa anauliza maswali mengi kuliko wote, mi natafsiri kwenda na kurudi mpaka koo limenikauka.

Sasa niseme kilichofanya nitoe nyota nne. Mtembezaji wetu. Mama mmoja wa makamo, mvi zimejaa, inaonekana kampuni inamlazimisha aanze na ile kofia kichwani maana aliivaa kama dakika moja, akaivua, akaikunja akaitia mkobani, akasema hii ni uongo. Mnyongaji wa hapa hakuficha uso hata siku moja. Mji mzima ulimjua, watoto walimjua, akipita watu wanasogea. Hizo kofia ni mambo ya kuja kubuniwa baadaye sana na wapenda hadithi. Na shoka pia hakutumia, alitumia upanga wa mikono miwili. Nikajua hapa pesa yangu iko salama.

Mtu mwenyewe anaitwa Frantz Schmidt, na sababu ya kujulikana kuliko wanyongaji wengine wote wa enzi zile ni kwamba aliandika. Alianza 1573 akiwa kijana wa miaka kama 19, akaacha kazi 1618, na akaacha orodha ya watu aliowaua na aliowachapa. Waliouawa kwa mkono wake ni zaidi ya 360. Lile daftari lilikuja kuchapishwa 1801, wakati yeye keshaoza zamani.

Ila hadithi inaanza kwa baba yake, na hapa ndo mtembezaji alitusimamisha karibu robo saa kwenye upepo na hakuna aliyelalamika. Baba anaitwa Heinrich, anaishi mji mdogo unaitwa Hof, kazi yake kukata miti na kutega ndege, mtu wa heshima zake. Mwaka 1553 mtawala wa eneo lile, Albrecht Alcibiades, mtu mkorofi ambaye wenyeji walikuwa wamemchoka, akakamata mafundi bunduki watatu akisema wamepanga kumuua. Anataka wauawe palepale. Sasa Hof haina mnyongaji, mji ni mdogo, kawaida wangetuma mtu akaite wa mji mwingine. Yule bwana hakutaka kusubiri. Akakumbuka desturi ya kale kwamba mtawala anaweza kumtoa mtu yeyote kwenye umati akamwamuru afanye ile kazi, akamnyooshea Heinrich kidole. Heinrich akakataa. Akaambiwa usipofanya tunakunyonga wewe na hawa wawili waliosimama pembeni yako.

Akafanya.

Na kuanzia siku ile ukoo mzima umeingia doa. Hakuna anayetaka kula naye, hakuna chama cha mafundi kitakachompokea yeye wala wanawe, mkate wake umebaki kwenye ileile kazi aliyolazimishwa. Akaishia kuwa mnyongaji kweli, Bamberg. Na Frantz, ambaye kipindi kile hata hajazaliwa, akazaliwa ndani ya ile aibu kama mtu anavyozaliwa ndani ya deni.

Mama mdogo nilipomtafsiria akanyamaza, halafu akasema, "Na wale wawili waliosimama pembeni, walikuja kumshukuru?" Nikamuuliza mtembezaji. Akacheka kidogo, akasema hilo hakuna aliyeliandika, na ndo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa pale. Mama mdogo akajiweka vizuri mtandio, kuanzia hapo akawa anatembea mbele.

Habari ya mafunzo nayo niliipenda japo inatisha. Ile ni kazi ya ufundi, unasomea kwa bwana wako kama useremala. Baba alimfundisha mwanawe kukata kwa upanga akianza na maboga, halafu mabua magumu ya mboga fulani ambayo yanafanana na ugumu wa shingo, halafu mbuzi, nguruwe, mwisho mbwa wasio na mwenyewe. Wa kwanza kumnyonga alikuwa mwizi, 1573. Akazunguka miaka mitano kama kibarua wa kutumwa huku na huku, 1578 akapata ajira Nürnberg, mji tajiri, nyumba bure, mshahara mzuri tu. 1579 akaoa, mke anaitwa Maria Beck.

Kuhusu lile daftari. Mi ni nesi, kazi yangu nusu ni kuosha na kugeuza wagonjwa, nusu ni kuandika. Mtembezaji alipotusomea vipande vya daftari nikashtuka kwa sababu ule mwandiko naujua. Tarehe, jina, katoka wapi, kosa gani, kafanywa nini, basi. Ile miaka ya mwanzo hakuna hata neno moja la alijisikiaje. Hivyo hivyo ndo tunavyoandika ripoti ya zamu, mgonjwa kafariki saa kumi na dakika ishirini, familia imepigiwa simu, nukta. Siyo kwamba huna moyo, ila karatasi siyo mahali pake. Miaka ilivyoenda akaanza kurefusha, anasimulia kosa lenyewe, anaonekana kuchukia zaidi wale waliowaonea watoto na waliosaliti ndugu zao. Kwa vichwa alivyokata kwa upanga, 187, vilivyoharibika akahitaji pigo la pili ni vinne tu, na hivyo vinne kaandika mwenyewe kwamba nimeharibu. Mwajiri hakumwomba aandike. Mimi nimeona watu na digrii zao wanafuta kosa dogo la dozi kwenye chati.

Kuharibu ilikuwa hatari, lakini. Umati ukiona mtu anateseka kwa sababu ya mkono wa mnyongaji ungeweza kumgeukia, mawe yanaruka. Ndo maana wanyongaji wengi wa zamani walikuwa walevi, unajipa nguvu kidogo, mkono unatetemeka, unaharibu, kesho unakunywa zaidi. Frantz alikuwa hagusi pombe kabisa. Kwenye mji wa bia na mvinyo, miaka yote ile, hagusi. Na watu walimshangaa kwa hilo karibu kama walivyomshangaa kwa kazi yenyewe.

Kituo kizuri kuliko vyote ni daraja. Linaitwa Henkersteg, maana yake daraja la mnyongaji, ni la mbao na lina paa, liko juu ya mto Pegnitz, la kwanza lilijengwa 1457, mafuriko ya 1595 yakalibeba, wakajenga jingine. Pembeni yake ndo nyumba aliyokaa, imekaa juu ya maji kabisa, na leo ndani kuna makumbusho ndogo. Kisiwa kilicho jirani kilikuwa soko la nguruwe. Kwa hiyo halmashauri ilimtafutia mtu wake makazi mazuri, makubwa, katikati ya mji, ila katikati ya maji na nguruwe, kwamba tunakuhitaji karibu ila usitusogelee. Kanisani mbali na wenzake, vilabu vya watu wa heshima hakaribishwi, sherehe za mafundi sahau.

Hapo darajani hedifoni yangu ikafa. Maji yanapiga kelele, watalii wengine wanapita, yule mama anaongea kwa sauti ya chini maana anategemea maikrofoni, na kwangu nasikia krrr krrr kama redio ya betri. Nikampungia mkono akanipa nyingine, nayo krrr. Mwisho akazima maikrofoni yake akatukusanya tukabanana kwenye kona ya paa la daraja akatusimulia kwa mdomo mtupu, na kusema kweli ndo ilikuwa sehemu bora. Lakini siyo kazi yake kufunika uzembe wa ofisi, vile vifaa vimechoka na kampuni inajua, manake aliponipa cha pili alisema "labda hiki" na kwenye hiyo labda nilielewa kila kitu.

Alichotusimulia pale ni habari ya wanawake. Zamani Nürnberg mwanamke akiua kichanga chake adhabu ilikuwa kuzamishwa mtoni, anatiwa kwenye gunia, anasukumwa majini, msaidizi wa mnyongaji anamkandamiza kwa mti mrefu asiibuke. Msaidizi huyo walimpa jina Löwe, simba. Na kifo chenyewe hakiji haraka. Frantz, kijana bado, ana kama miaka miwili tu kazini pale, akaenda kuwaambia wakubwa kwamba hii tuiache, tuwakate kwa upanga kama wanaume. Viongozi wa dini wakamuunga mkono, wanasheria wakajadili, Januari 1580 wanawake watatu wakakatwa vichwa kwa mara ya kwanza, vichwa vikapigiliwa misumari juu ya mti wa kunyongea ili watu waone. Kwenye daftari kaandika kwamba haijawahi kutokea hapa.

Mtalii mmoja akasema kwa sauti, oh what a kind man, sijui nini. Nikamtafsiria mama mdogo, akanijibu kwa Kiswahili na uzuri hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi: "Huruma gani hiyo, kawabadilishia mlango tu, chumba ni kilekile." Nikabaki nacheka peke yangu kwenye kona ya daraja, watu wananiangalia. Ila nimeifikiria sana baadaye. Mimi nimewahi kupigania mgonjwa apewe dawa ya maumivu saa mbili kabla hajafa, na nilihisi nimefanya jambo kubwa sana duniani, na mwisho wa zamu alikufa vilevile kama alivyokuwa afe. Kwa hiyo sijui. Mama mdogo ana haki na mimi nadhani Frantz pia alikuwa anajua anabadilisha mlango.

Kutoka darajani unapandishwa mpaka nje ya Rathaus, jengo la halmashauri, ambalo chini yake kuna magereza ya kale, Lochgefängnisse. Ndani hatukuingia, tiketi ya kule ni yake, na hili nalalamika maana tangazo limeandikwa kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu ataelewa unaingia. Hata ile nyumba ya mnyongaji tuliiona kwa nje tu. Waandike wazi, "matembezi ya nje", maneno mawili, wino wake hauzidi senti moja. Tuliosimama na matumaini usoni tulikuwa wengi.

Mtembezaji alijitahidi kutuchorea kwa maneno. Vyumba kumi na viwili, vidogo, kama mita mbili kwa mbili, giza, na chumba cha mateso wenyewe walikiita kanisa dogo, Kapelle. Hakumtetea Frantz hapo, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema wazi huyu tunayemsifia kwa mkono mwepesi ndiye aliyekuwa anawafunga mikono nyuma, anawavuta juu kwa kamba, anawaning'iniza mawe miguuni, kwa amri ya halmashauri, mpaka waungame, kwa sababu sheria ilitaka mtu aungame ndo ahukumiwe kifo. Na akimaliza, yeye huyohuyo ndo anamrudisha viungo, anamfunga vidonda, anampa muda apone, kwa sababu wakubwa hawakutaka mtu abebwe kwenda kufa, walitaka aende kwa miguu yake watu wamwone.

Mwanangu, kwa hiyo alikuwa nesi, akasema mama mdogo. Ananichokoza. Ila ndivyo. Mkono ule ule. Wanyongaji walijua mifupa na mishipa kuliko wengi waliojiita waganga, walikuwa wanaruhusiwa kupasua baadhi ya maiti, na mafuta ya binadamu yaliuzwa kama dawa ya viungo. Watu walewale ambao mchana hawamsalimii, usiku wanagonga mlango wa ile nyumba ya mtoni, mtoto kavunjika mkono, baba ana jipu, tusaidie bwana Frantz. Nilipenda hapo mtembezaji alituonyesha ule mlango tuliokuwa tumeupita, anasema fikiria huo mlango una watu wa aina mbili tu, wanaoogopa kuingia na wanaoogopa kuonekana wakiingia.

Sasa kiini cha ziara yote, na hiki ndicho kampuni ingekiweka kwenye tangazo badala ya shoka. Frantz alitaka kutoka. Siyo kutoka kazini tu, alitaka ile aibu ya 1553 ifutwe. Miaka arobaini Nürnberg anakata na kunyonga kwa usafi, hanywi, hagombani, anaenda kanisani, uraia wa mji akapewa, na kila siku nadhani anapiga hesabu yake. Kustaafu kastaafu 1618. Mwaka 1624, mzee wa miaka sabini, akaandika barua kwa Kaisari Ferdinand II mwenyewe. Ndani akaeleza kisa cha baba yake kwamba alilazimishwa kwa kutishiwa kifo, akaeleza utumishi wake, na akasema kazi iliyokuwa moyoni mwake tangu zamani ni uganga, kwamba ametibu watu zaidi ya 15,000. Linganisha, waliokufa mia tatu na kitu, waliotibiwa elfu kumi na tano. Hata kama aliongeza chumvi, na nani haongezi chumvi akiomba kazi, bado.

Kaisari akakubali. Heshima ikarudishwa, yeye na uzao wake. Wanawe hawakushika upanga, aliyemrithi kazi alikuwa mtu baki. Hili mama mdogo alikuwa analisubiri tangu mwanzo, kila kituo ananibana, watoto wake walioa wapi, nani alimpa binti, muulize. Maana familia za wanyongaji zilikuwa zinaoana zenyewe kwa zenyewe, mnyongaji wa mji huu anamwozesha bintiye kwa mwana wa mnyongaji wa mji ule, kwa sababu nje hakuna anayekupa mtoto wake. Kwa hiyo ile barua haikuwa ya mzee kujifurahisha, ilikuwa posa ya wajukuu. Maneno ya mama mdogo hayo siyo yangu.

Akafa 1634, akazikwa makaburi ya Rochus, kwa heshima, kama tabibu. Makaburi hayohayo baadaye ndo alizikwa yule mtunzi wa muziki Pachelbel, yule wa wimbo unaopigwa kwenye kila harusi. Ziara haifiki huko, ni nje ya ukuta, ila ukiwa na muda nenda mwenyewe, ni bure na hakuna kelele.

Mwishoni kuna maswali, na bwana mmoja Mmarekani akauliza kuhusu wale viongozi wa Hitler walionyongwa hapahapa Nürnberg. Mtembezaji akasema hiyo siyo ziara yake ila akajibu, na jibu lake fupi lilinibakia. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1946, ukumbi wa mazoezi wa jela nyuma ya mahakama, watu kumi. Göring alikuwa awe wa kumi na moja, akameza sumu saa chache kabla. Mnyongaji ni sajenti wa jeshi la Marekani, John C. Woods, ambaye aliwaambia wakubwa wake ana uzoefu wa kunyonga kwao nyumbani, na haikuwa kweli. Kazi ikawa mbovu, wengine walichukua dakika nyingi kufa. Yeye mwenyewe alikufa 1950 kisiwani Eniwetok, umeme ulimpiga akitengeneza taa. Yule bwana akasema kwa watu wale dakika nyingi ni sawa tu. Mtembezaji hakubishana, akasema tu Frantz angeandika "nimeharibu", akaanza kukusanya hedifoni.

Malalamiko yaliyobaki. Ukimaliza unapitishwa kwenye meza yao, kuna kijana kavaa ile kofia, kuna gogo la plastiki, unaweka kichwa, anainua shoka la plastiki, unapigwa picha, euro 5. Damu ya rangi imemwagwa kwenye gogo. Kulikuwa na watoto wawili wanapanga foleni na mama yao kashika simu. Sisemi watu wasicheke, mi mwenyewe nimecheka saa mbili nzima, ila umetoka kusikia habari za mabinti watatu wa Januari 1580 halafu unaambiwa weka kichwa hapa useme chiizi. Hapo ndo nyota ya tano ilipobaki. Mtembezaji alipita ile meza bila kuitazama, nadhani ana maoni yake.

Pili, mahali penyewe pa kuuliwa watu hatukupelekwa. Palikuwa nje ya lango la Frauentor, jukwaa la mawe liliitwa Rabenstein, jiwe la kunguru. Mtembezaji alionyesha kwa kidole tu upande ule. Sawa, ni mbali kidogo na saa mbili zimeisha, ila ni karibu kabisa na stesheni kuu ya treni, wangemalizia huko badala ya kwenye gogo la plastiki, halafu kila mtu akapande treni yake.

Sisi tulipita huko kwa sababu treni yetu ilikuwa hapo. Hakuna cha kuona, ni barabara, tramu, watu wanaburuza mabegi, kijana anakula mkate kasimama. Mama mdogo akasimama kidogo, akauliza ni hapa? Nikamwambia karibu na hapa. Kwenye treni akampigia baba mdogo, nikamsikia anaanza kumsimulia tangu Hof, mkata miti na mtega ndege, hakuruka hata kipande, na alipofika kwa wale wawili waliosimama pembeni akalirudia swali lake lilelile, baba mdogo sijui alijibu nini, nikasikia tu "ee, ndivyo nilivyosema na mimi."

Nyongeza kwa watakaokwenda. Niliwaandikia kampuni kuhusu hedifoni, walijibu siku ya nne wakanipa vocha ya punguzo la ziara nyingine, ya pepo na mizimu, sitaitumia, anayeitaka aniambie. Omba ile ya mchana na mtembezaji mwenye mvi, ukibuking wapigie simu uulize nani yupo. Kitimwendo ni shida, mawe ya njia hayako sawa. Vaa raba, beba mwavuli, na hedifoni ijaribu mapema kabla hamjafika mtoni.